Setilaiti za Sentinel-2: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila watu wanapokutana na picha za Sentinel-2 kwa mara ya kwanza, na mengine ambayo huibuka mwezi wa tatu, mtu akiwa tayari amejifunza na ameanza kupata majibu ya ajabu. Mgeni aanze juu. Aliyekwama kwenye namba aende moja kwa moja swali la 16 na kuendelea.

## Mambo ya msingi

1. Sentinel-2 ni nini?

Ni setilaiti za kupiga picha za uso wa dunia, mali ya mpango wa Copernicus wa Umoja wa Ulaya, zilizoundwa chini ya usimamizi wa Shirika la Anga za Juu la Ulaya (ESA). Watu husema "setilaiti ya Sentinel-2" kana kwamba ni moja, lakini jina hilo ni la ukoo mzima. Sentinel-2A ilirushwa tarehe 23 Juni 2015, na 2B tarehe 7 Machi 2017, zote kwa roketi ya Vega kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Sentinel-2C ilifuata Septemba 2024, na Januari 2025 ikachukua nafasi ya 2A kwenye zamu ya kawaida. Kila moja ina uzito wa zaidi ya tani moja na imebeba kamera moja tu, ila kamera hiyo inaona rangi 13 (tazama swali la 8).

2. Iko juu kiasi gani, na inapita kwetu saa ngapi?

Iko kilomita 786 juu. Ungechora mstari ulionyooka kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, mstari huo ungekuwa mrefu kidogo kuliko umbali huo. Inazunguka dunia kwa takriban dakika 100, ikipita karibu na ncha za kaskazini na kusini, huku dunia ikijizungusha chini yake.

Njia yake imepangwa ili kila inapovuka ikweta upande wa mchana, jua la mahali hapo liwe limefikia saa nne na nusu asubuhi. Hii ni saa ya jua, si ya ukutani. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki, pwani ya Dar na Mombasa hupigwa picha saa tano kasoro hivi, na Mwanza baada ya saa tano, kwa kuwa jua huchelewa kufika magharibi. Saa hiyo ilichaguliwa kwa sababu mwanga unatosha na mawingu ya mchana bado hayajajaa. Faida yake ni kwamba picha za shamba lako za tarehe mbalimbali zinakuwa na mwanga wa saa ileile, kwa hiyo unaweza kuzilinganisha bila kudanganywa na vivuli vya asubuhi na vya jioni.

3. Inarudi mahali pamoja kila baada ya siku ngapi?

Setilaiti moja hurudia njia ileile baada ya siku 10. Zikiwa mbili, zimewekwa pande mbili za duara moja, kwa hiyo kila baada ya siku 5 mojawapo inapita.

Kuna walimu wa mtandaoni wanaosema ni siku 2 hadi 3. Hawasemi uongo, ila wanazungumzia kwao. Setilaiti hupiga picha kwa upana wa kilomita 290, na kadiri unavyoelekea kaskazini njia zake hubanana na kupandana, ndiyo maana mkulima wa Ulaya hupata picha nyingi zaidi. Sisi tulio karibu na ikweta njia hizo hupandana kidogo sana. Panga kazi yako kwa siku 5, na ukiwa kwenye ukanda mwembamba unaopitiwa na njia mbili, shukuru.

4. Naweza kuangalia moja kwa moja, kama kamera ya ulinzi?

Hapana. Setilaiti inapita, inapiga picha kwa sekunde chache, inaondoka. Picha hushushwa kwenye vituo vya ardhini, huchakatwa, kisha huwekwa wazi baada ya saa kadhaa hadi kama siku moja. Anayekuuzia programu ya "setilaiti mubashara" ya nyumba yako anakuuzia hewa.

5. Ni bure kweli? Mtego uko wapi?

Ni bure, hata kwa kazi ya biashara. Unachotakiwa ni kutaja kwamba data ni za Copernicus Sentinel na mwaka wake unapochapisha picha. Gharama halisi utakayokutana nayo ni bando (swali la 15).

## Inaona nini na haioni nini

6. Inaweza kuona nyumba yangu? Inaweza kuona mtu?

Mtu, hapana. Gari, kwa kawaida hapana. Nyumba ya kawaida itaonekana kama nukta moja au mbili zenye rangi tofauti kidogo na za jirani, na hutajua kama ni nyumba au ni rundo la mchanga.

Sababu ni ukubwa wa pikseli, yaani kipande kidogo kabisa cha picha. Pikseli bora ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10, na yote yaliyomo humo (bati, mwembe, uwanja, mbuzi watatu) yanachanganywa na kuwa rangi moja. Kwa hiyo wenye wasiwasi wa kuchunguliwa wakiwa uani wapumue.

Kwa mkulima hesabu inayofaa ni hii: eka moja ni kama mita za mraba 4,047, sawa na pikseli 40 hivi. Shamba la eka tano lina pikseli 200, unaweza kuona kona iliyodumaa. Shamba la robo eka lina pikseli 10, na karibu zote zimegusa mpaka, kwa hiyo zimechanganya mahindi yako na njia, ua, au migomba ya jirani. Mashamba yetu mengi ni madogo, na hakuna ujanja wa programu utakaoliondoa tatizo hili.

7. Mbona ramani ya kwenye simu inaonyesha hadi bati la nyumba?

Ile ni picha ya aina nyingine: inatoka kwa setilaiti za kampuni binafsi au ndege, zinazoona vitu vya chini ya mita moja. Ila angalia tarehe yake. Inaweza kuwa ya mwaka juzi, na picha ya jirani yake ya mwaka mwingine, zikaunganishwa. Ukitaka kujua kama bati limebadilishwa, tumia hiyo. Ukitaka kujua kama mpunga uliopandwa Januari umeshika, huko hutaupata. Sentinel-2 haina jicho kali, lakini hairuki zamu, na kazi nyingi za kilimo, maji na misitu zinahitaji anayekuja kila mara kuliko anayeona vizuri mara moja.

8. Rangi 13 za nini, wakati macho yetu yanatosheka na tatu?

Kwa sababu mambo mengi ya jani, maji na udongo yanatokea kwenye mwanga tusiouona.

Chukua jani la mhindi lenye afya. Klorofili yake inameza mwanga mwekundu ili kutengeneza chakula, na inaacha kijani kirudi kidogo, ndiyo maana tunaliona kijani. Lakini kuna mwanga mwingine, infraredi ya karibu, ambao jani haliutaki kabisa: seli zake huurudisha kwa wingi. Macho yetu hayauoni. Kamera inauona, na kwake shamba lililostawi linang'aa kama bati jipya. Jani likianza kuugua, kung'aa huko hubadilika, mara nyingi kabla ya njano kuonekana kwa macho.

Rangi hizi huitwa bendi, na hazina ukubwa mmoja wa pikseli. Nne ni za mita 10: bluu (bendi ya 2), kijani (3), nyekundu (4) na infraredi ya karibu (8). Sita ni za mita 20. Humo zimo bendi za 5, 6 na 7 zinazokaa kwenye mpaka kati ya mwekundu na infraredi, mahali ambapo mabadiliko ya klorofili hujionyesha mapema, na bendi za 11 na 12 za infraredi ya mawimbi mafupi, ambazo hupenda kueleza habari za unyevu na moto. Tatu zilizobaki ni za mita 60, na kazi yake kubwa ni kuchunguza hewa yenyewe: vumbi, mvuke na mawingu membamba ya juu. Hizo usizihangaikie mwanzoni.

9. NDVI ni nini, na namba gani ni nzuri?

Ni kipimo cha ukijani. Unachukua infraredi ya karibu, unatoa nyekundu, kisha unagawanya kwa jumla yake. Tuseme shamba linarudisha 0.40 ya infraredi na 0.05 ya nyekundu: 0.35 ukigawanya kwa 0.45 unapata 0.78. Hilo limestawi. Udongo mtupu unaorudisha 0.26 na 0.20 unakupa 0.13. Maji kwa kawaida huenda chini ya sifuri.

Sasa "namba nzuri". Swali hili huulizwa sana na jibu lake huwaudhi watu: hakuna. NDVI ya 0.4 wiki ya nne baada ya kupanda ni habari njema, na 0.4 ileile mahindi yakiwa yanatoa mbelewele ni msiba. Linganisha shamba na lenyewe la msimu uliopita, au na jirani aliyepanda wiki moja nawe. Tena magugu nayo ni kijani. Nimewahi kuonyeshwa kwa fahari shamba lenye NDVI ya kupendeza, tukaenda kulitazama, tukakuta mahindi yamemezwa na nyasi hadi kiunoni. Setilaiti ilisema kweli. Haikuulizwa ni kijani cha nini.

Jambo la mwisho: mimea ikishafunika ardhi kabisa, NDVI hugota juu na haitofautishi tena shamba zuri na zuri sana. Hapo bendi za 5 hadi 7 husaidia zaidi.

10. Inaweza kuonyesha madini, maji ya chini ya ardhi, au mali za Mjerumani?

Hapana, hapana, na hapana.

Kamera inaona mwanga unaorudishwa na uso wa ardhi. Kilichofukiwa hata kwa kina cha sentimita chache hakirudishi mwanga. Wanajiolojia hutumia bendi za 11 na 12 kutafuta dalili za udongo wa mfinyanzi kwenye miamba iliyo wazi, sehemu kame zisizo na majani, na hiyo ni dalili ya kwenda kuchunguza, si ramani ya dhahabu. Kwa maji, unaweza kuona mstari wa miti iliyobaki kijani kiangazi chote, nao hukuambia mizizi imefika kwenye unyevu. Wazee wanalijua hilo bila setilaiti. Kuhusu masanduku ya rupia yaliyofukiwa na Wajerumani wakikimbia Vita vya Kwanza, anayekuomba fedha ili "asome picha" amekwisha kuipata mali, na mali ni wewe.

11. Baharini je?

Setilaiti hupiga picha za nchi kavu na maji ya pwani hadi kama kilomita 20 kutoka ufukweni, si bahari kuu. Unguja, Pemba na Mafia zimo. Kwenye maji maang'avu ya kina kifupi, bendi ya bluu hufika chini mita kadhaa, na utaona miamba, mchanga na nyasi za baharini.

Kuna siku picha ya bahari itakuja imepauka yote, ina mng'ao kama maziwa. Hilo ni jua limejitazama kwenye mawimbi likarudi moja kwa moja kwenye kamera. Huwezi kulitengeneza vizuri. Chukua tarehe nyingine.

12. Inapima joto? Inaona usiku?

Haipimi joto la ardhi. Setilaiti za Landsat za Marekani ndizo zenye kifaa hicho. Na zamu yake ni ya mchana, maana bila jua haina cha kuona.

## Mawingu, na picha zilizokatika

13. Kila nikifungua ni mawingu matupu. Nifanyeje?

Hili ndilo lalamiko namba moja, na wakati wa masika ni la haki. Mwanga haupenyi wingu. Hakuna programu itakayokuonyesha kilicho chini yake. Lakini kabla ya kukata tamaa, jaribu mambo haya.

Usichuje kwa asilimia ya mawingu kwa pupa. Asilimia hiyo ni ya kipande kizima cha picha chenye upana wa kilomita 110. Picha iliyoandikwa "mawingu 70" inaweza kuwa safi kabisa juu ya kata yako, na ya "mawingu 10" ikaweka hayo 10 yote juu ya shamba lako. Fungua utazame mwenyewe.

Picha zilizosafishwa hewa (swali la 16) huja na safu ya ziada inayotambulisha kila pikseli: mmea, udongo, maji, wingu, kivuli cha wingu. Itumie kuondoa pikseli mbovu. Usisahau vivuli. Wengi huondoa mawingu meupe wakaacha vivuli vyake, halafu NDVI ikishuka wanatangaza ukame. Tena safu hiyo hukosea: mabati ya mjini na fukwe nyeupe mara nyingine huandikwa kuwa wingu, na wingu jembamba hupita bila kukamatwa.

Njia nyingine ni kukusanya picha zote za mwezi mmoja au miwili, na kwa kila pikseli kuchukua thamani ya katikati. Wingu lililokuwa hapa tarehe 5 halikuwa hapa tarehe 10, na picha moja safi huzaliwa. Unalipa kwa kupoteza tarehe, kwa hiyo inafaa kwa ramani ya msitu, haifai kwa kujua mafuriko yalifika lini.

Kwa mafuriko, hamia rada. Sentinel-1, ndugu wa ukoo huohuo, hutuma mawimbi yake yenyewe na kusikiliza mwangwi; wingu halimzuii, na usiku kwake ni sawa na mchana. Maji yaliyotulia huonekana meusi. Kuisoma picha ya rada kunahitaji mazoezi, lakini msitu wa Kongo au delta ya Rufiji mwezi wa Aprili havikuachii hiari.

14. Kwa nini nusu ya picha yangu ni nyeusi?

Umefika ukingo wa njia ya setilaiti. Picha hugawanywa kwa vipande vya mraba ili iwe rahisi kupakua, na mraba usipoingia wote kwenye njia, sehemu iliyobaki huachwa tupu. Sehemu hiyo itapigwa na njia ya jirani, siku nyingine.

## Kupata picha na kuzitumia

15. Nazipata wapi, na bando langu litatosha?

Mlango mkuu ni Copernicus Browser, iliyo ndani ya mfumo wa Copernicus Data Space. Akaunti ni bure. Miongozo ya zamani bado inakuelekeza kwenye tovuti ya Open Access Hub. Hiyo ilifungwa mwaka 2023, usipoteze muda. Wengine hutumia Google Earth Engine, inayochakata picha hukohuko mtandaoni, na kwa bara letu kuna Digital Earth Africa, iliyozipanga picha hizi kwa ajili ya Afrika.

Kipande kimoja kamili kinaweza kukaribia gigabaiti moja. Kwa bando la kawaida hiyo ni hasara, hasa ukigundua baada ya kupakua kwamba ni mawingu. Kwa hiyo tazama kwanza hukohuko kwenye kivinjari: chagua tarehe, badilisha bendi, chora mpaka wa shamba, na ushushe kipande hicho tu. Watu wengi hawahitaji faili kamili hata siku moja. Ukilihitaji, QGIS na SNAP ni programu za bure za kulifungulia.

16. L1C na L2A ni nini?

L1C ni mwanga kama ulivyofika kwenye kamera, pamoja na ukungu na vumbi la njiani. L2A imeondolewa athari ya hewa, inakadiria mwanga ulivyotoka ardhini. Kwa kulinganisha tarehe na tarehe, tumia L2A. Kosa baya ni kuchanganya: Machi L1C, Aprili L2A, halafu kushangaa shamba lilivyobadilika.

17. Kuanzia mwanzo wa 2022 namba zangu zote zimeruka. Je, kamera imeharibika?

Kamera ni nzima. Thamani kwenye faili huhifadhiwa zikiwa zimezidishwa kwa 10,000. Tarehe 25 Januari 2022 utaratibu wa uchakataji ulibadilika, na thamani zikaanza kuongezewa 1,000, ili pikseli zenye giza sana zisikatwe kwenye sifuri. Kwenye picha za utaratibu mpya lazima utoe 1,000 kwanza, kisha ugawanye.

Usidhani NDVI inajirekebisha yenyewe kwa kuwa ni mgawanyo. Nyekundu 1,500 na infraredi 5,000: ukitoa 1,000 unabaki na 500 na 4,000, NDVI ni 0.78. Usipotoa, unapata 0.54. Ukichora mstari wa miaka, eneo zima "limekauka" mwaka 2022, na kuna ripoti zimeandikwa hivyo. Kwenye Earth Engine chagua mkusanyiko ulioandikwa HARMONIZED, kazi hiyo imeshafanywa.

18. Mipaka yangu haikai juu ya picha, imehama.

Sababu mbili, na ukubwa wa kosa hukuambia ni ipi.

Ikiwa imehama kama mita 300, mipaka yako iko kwenye mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani, Arc 1960, uliotumika kwenye ramani nyingi za Kenya na Tanzania, na picha ziko kwenye WGS 84. Badilisha mfumo kwa kutumia programu. Usiisogeze kwa mkono hadi "ikae".

Ikiwa imeruka mamia ya kilomita, umekosea zoni, yaani ukanda wa ramani (UTM) ambamo eneo lako limo. Pwani yote na Nairobi ziko zoni ya 37. Mwanza, Kampala na Kigali ziko ya 36. Bujumbura, Goma na Lubumbashi ziko ya 35. Tanzania inaingia zote tatu. Wenye miradi ya Kigali na ya magharibi mwa Rwanda mchunge sana, maana mpaka wa zoni unapita karibu kabisa na mji, kwenye nyuzi 30 mashariki.

## Maswali ya pembeni

19. Jirani amekula mpaka wangu. Picha hii ni ushahidi?

Kwa hatua tatu au kumi za mpaka, hapana. Pikseli ni mita 10, na picha yenyewe inaweza kuyumba mita chache kati ya tarehe na tarehe. Hilo ni la mpima ardhi na mawe ya mpaka. Lakini kama hoja ni "pori hili lilifyekwa lini", hapo Sentinel-2 ni shahidi mzuri, kwani itakuonyesha tarehe ya mwisho msitu ukiwepo na tarehe ya kwanza ukiwa haupo.

20. Inaweza kutofautisha mahindi na mtama?

Kwa picha moja, ni kubahatisha. Kwa msimu mzima inawezekana, kwa sababu kila zao lina mwendo wake wa kuota, kujaa na kukauka. Utahitaji mashamba ya mfano yaliyothibitishwa kwa miguu. Shamba lenye mahindi, kunde na maboga pamoja litakupa wastani wa yote matatu, na wastani huo hauna jina.

21. Nataka kupima maji ya bwawa.

Eneo la maji, ndiyo. Linganisha kijani na infraredi ya karibu: maji hurudisha kijani kiasi na kumeza infraredi. Zoezi zuri la kujifunzia ni bwawa la Mwalimu Nyerere kwenye mto Rufiji, lililoanza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Fungua picha za kabla na za miezi iliyofuata, utaona mto mwembamba ukigeuka kuwa ziwa. Ujazo hutaupata bila kujua umbo la bonde chini ya maji.

Kwenye Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, hesabu hii huvunjika: magugu maji yakitanda, setilaiti inaona shamba lenye NDVI ya juu katikati ya ziwa.

22. Moto na volkano?

Weka bendi ya 12 mahali pa nyekundu, 8A (infraredi ya karibu ya mita 20) mahali pa kijani, na 4 mahali pa bluu. Miali hung'aa, moshi mwembamba hupenywa, na ardhi iliyoungua huwa ya hudhurungi nzito. Jaribu Kilimanjaro, moto wa Oktoba 2020, kabla na baada. Kwa njia hiyohiyo lava ya Nyiragongo huonekana ndani ya kreta, mawingu yakiruhusu, na mawingu ya huko si wepesi wa kuruhusu. Moto uliowaka saa tisa alasiri na kuzimwa usiku hutauona ukiwaka. Utaona kovu lake.

23. Nahitaji picha za kabla ya 2015.

Nenda Landsat ya Marekani. Ya kwanza ilirushwa Julai 1972, na kumbukumbu zake zimekuwa bure tangu 2008. Pikseli za zile zilizorushwa tangu 1982 ni mita 30, yaani tisa za Sentinel-2 ndani ya moja, na za kabla ya hapo ni kubwa zaidi, kwa hiyo usilinganishe mashamba madogo.

24. Sisi wenyewe hatuna setilaiti?

Kenya ilirusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023 kutoka Vandenberg, Marekani: kijisetilaiti cha kuangalia ardhi unachoweza kukibeba mikononi. Rwanda ilirusha RWASAT-1 mwaka 2019, na Uganda ikafuata na PearlAfricaSat-1 mwaka 2022. Hizi ni za kujifunzia na kujenga wataalamu, hazishindani na chombo cha tani moja.

Na kuna habari ambayo wengi hawaijui: tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Haikuangalia ardhi, iliangalia nyota zinazotoa eksirei.

25. Nimeona ndege tatu zikiruka pamoja, moja ya bluu, moja ya kijani, moja nyekundu. Nini hicho?

Ni ndege moja. Bendi hazipigi picha kwa wakati mmoja. Kila moja iko sehemu yake kwenye kamera, na hupita juu ya mahali palepale ikipishana na nyingine kwa muda mfupi sana. Nyumba haiendi popote, kwa hiyo rangi zake hukaa pamoja. Ndege inakuwa imeshasogea kabla rangi inayofuata haijaifikia, ikaachwa imetawanyika. Mawingu ya juu nayo hupata kingo za rangi kwa sababu inayofanana na hiyo, na baadhi ya wataalamu huutumia udhaifu huo kuyatambua.